Picha ya bunduki ikiingiliwa na mazimwi katikati: inanoga au inaharibika?

BandaLaMwanga (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Nina banda la video hapa Mwanga. Jumamosi niliweka From Dusk Till Dawn ya 1996. Walioiona wanajua: nusu ya kwanza ni majambazi wawili, mtu na mdogo wake, wanakimbilia Meksiko na mateka. Bastola, matusi, watu wametulia wanatafuna karanga. Kufika kwenye ile baa, wacheza shoo wanageuka wanyonya damu! Vijana wa bodaboda wakapiga mluzi. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akasimama kudai jero yake: yeye kalipia majambazi, hakulipia mashetani. Sikumpa, ila kaniachia swali. Mchanganyiko huu mnauonaje? Na niweke zipi?

Mtoto_wa_Kibirizi
Mzee ana haki ya kununa, jero hapana, picha kaiona.

Mimi nasema inanoga pale tu bunduki inaposhindwa kazi. Chukua Predator, 1987. Miaka miwili nyuma Schwarzenegger alikuwa kwenye Commando, peke yake anafyeka jeshi zima, nasi tukaridhika kwamba steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Sasa humu kapewa msitu, kikosi cha wanaume wa shoka na kila silaha. Mwenzao mmoja anauawa, waliobaki wanamimina risasi msituni mpaka miti inalala. Moshi ukitulia, hakuna maiti. Hapo ndipo nilipoogopa, na dude lenyewe, kiumbe kutoka anga za mbali, hata halijaonekana vizuri. Baadaye komando mzima anajificha kwenye tope, kwa kuwa dude hilo linawinda kwa kuona joto la mwili.

Aliens ya James Cameron (1986) nayo ni hivyohivyo. Wanajeshi wanaingia kwa mbwembwe, kisha wanaamriwa watoe magazini kwa sababu wako chini ya mtambo wa nyuklia, wakipiga risasi wataulipua. Na madude yako ukutani. Nani asitetemeke?

DadaWaIsevya (Tabora)
Kaka, mbona hizo unazotaja zote mwishoni dude linapigwa linakufa? Likishakufa kwa kipigo limekuwa adui wa kawaida, tofauti yake na jambazi ni sura tu. Mfululizo wa Resident Evil tangu ile ya 2002 mazombi wanapukutika kama kumbikumbi. Nilisinzia.

Ninayoikubali ni moja, Train to Busan ya Korea Kusini, 2016. Ndani ya behewa hawana bunduki. Yule baba wa miraba minne anajizungushia plasta mikononi, anawaendea mazombi kwa ngumi, na mkewe mjamzito yuko behewa la mbele. Sisi wa Tabora treni tunaijua: ukiwa katikati ya behewa usiku huna pa kukimbilia, labda behewa la pili, na huko nako hujui kuna nini. Wiki ile nilipopanda kwenda Kigoma nilikaa karibu na mlango.

Ujiji_Mwembeni
Halafu za kwetu hamzitaji. Kwenye picha zetu za mizuka steringi ni mganga au shehe, na silaha yake ni kisomo. Jini hakunjiwi ngumi, kila mtu hapa Ujiji anajua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana nikimwona Mzungu anampiga teke mzuka nacheka tu.

Ila mkuu wa banda, nikuulize: hiyo ya Jumamosi ilikuwa ya mtafsiri, yule anayeongea Kiswahili juu ya picha? Maana picha ya ngumi bila mtafsiri hainogi, tangu enzi za Lufufu, mtafsiri wetu wa zamani, tumezoea. Ya kutisha ni kinyume. Kinachotisha ni ule ukimya kabla dude halijatoka, na mtafsiri hawezi kunyamaza, lazima atie utani. Mchanganyiko unafia hapo, nusu ya pili watu wanacheka badala ya kuogopa.

BandaLaMwanga (Kigoma)
Ilikuwa ya mtafsiri, na kweli walicheka, mzee peke yake ndiye aliyekuwa mkali. Dada, ya Korea bila tafsiri wateja wangu hawatakaa, hawasomi maandishi ya chini. Naanza na Predator Jumamosi, saa mbili usiku, sauti yake ya asili. Mwenye nakala safi kwenye flashi anitafute hapa, yangu mtafsiri kaongea mpaka majina ya waigizaji yanapita.