Bati la riveti, fibaglasi au mabomba na kitambaa: ndege ya kujijengea ipi inafaa Dar?

KusiMashariki
Wakuu, naomba tulinganishe. Ndege ya watu wawili, inajengwa Kigamboni, karibu na bahari, kwenye banda la bati lenye umeme wa kawaida wa nyumbani. Machaguo ni matatu:
1. Seti ya Zenith CH 750, bati la alumini aina ya 6061-T6 na pop riveti.
2. Mtindo wa Long-EZ, povu na fibaglasi.
3. Fremu ya mabomba ya chuma aina ya 4130 iliyovikwa kitambaa cha poliesta.

Sitaki kujua ipi inaruka vizuri zaidi. Nataka kujua ipi mtu mmoja anaweza kuimaliza kabla chumvi na unyevu havijaimaliza vyenyewe. Mawasiliano na TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) yameshaanza, hilo tuliache.

fundi_wa_bati
Mkuu, kwa mazingira hayo namba 1. 6061 inastahimili chumvi kuliko aloi ya 2024 isiyovikwa alumini safi. Ila isikupumbaze ukaacha praima (rangi ya msingi). Kutu huanzia pale bati mbili zinapolaliana, maji ya chumvi yakishanyonywa humo hayatoki tena.

Fuata hivi: toboa matundu yote, shika kwa kleko (vibanio vya muda vya kwenye matundu), kisha TENGANISHA. Ondoa makali ya matundu pande zote mbili, paruza, futa kwa asetoni, paka praima ya epoksi ya sehemu mbili kwenye nyuso zinazogusana, rudisha kleko, ndipo upige riveti. Wengi huruka hatua ya kutenganisha kwa sababu inachosha. Chembe za kekee zinabaki katikati, bati hazikai, riveti inavutwa kukiwa na nafasi. Ndege ikishatumika unaona duara la masizi kuzunguka kichwa cha riveti. Ukiona hivyo, riveti inacheza.

Riveti za seti ni za saizi mbili: A4 tundu lake ni biti namba 30 (mm 3.26), A5 ni namba 20 (mm 4.09). Ukichukua biti ya mm 3.5 pale Kariakoo, A4 haijazi tundu. Pia riveti za seti zina kichwa bapa, na mdomo wa bunduki ya riveti husagwa mbonyeo ili kichwa kifinyangwe kuwa kuba wakati wa kuvuta. Pop za dukani ni za kufungia dari, zibaki huko huko.

Na kompresa: kwa unyevu wa Dar tanki linajaa maji haraka. Mwaga kila asubuhi na uweke kichujio cha maji kabla ya bunduki ya rangi, la sivyo praima inatoka na vipele.

Resini100kwa40
Fibaglasi mnaionea. Haishiki kutu, na umbo lolote linawezekana. Shida ni chumba, na chumba kinatengenezeka.

Kwa L285, epoksi ya ndege, unapima kwa uzito, resini gramu 100 kwa kigumishi gramu 40, kwenye mizani inayosoma gramu moja au chini yake. Kukadiria kwa macho hakuna. Kigumishi cha 285 ni cha haraka mno kwa Februari yetu, chukua 287. Usichanganye gramu 300 kwenye kikombe kirefu: joto linajilimbikiza, kikombe kinaanza kutoa moshi kabla hujamaliza nusu ya ubavu wa bawa. Changanya kidogo, mimina kwenye trei bapa.

Adui mwenyewe ni unyevu. Ukizidi, juu ya epoksi inajitokeza ngozi ya nta inayonata. Ioshe kwa maji na kisugulio KABLA ya msasa. Ukianza na msasa unaisukumia kwenye mikwaruzo, na tabaka linalofuata litabanduka. Gandisha kitambaa cha kubandua (peel ply, kinavuliwa epoksi ikikauka) juu ya kila tabaka la mwisho, kinabeba sehemu kubwa ya uchafu huo. Vitambaa vya fibaglasi viwekwe kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vidonge vya kukausha. Machi hadi Mei, masika, bila chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi usiguse.

Rangi ni nyeupe tu. Nyeusi juani inapita nyuzi 80, na epoksi isiyoivishwa kwa joto huanza kulegea chini ya hapo.

fundi_wa_bati
Na ya kuivishia? Hema la nyuzi 60, saa nyingi mfululizo. LUKU ikiisha saa nane usiku?

Resini100kwa40
Kipande kikiwa bado kwenye jigi (fremu inayoshikilia umbo) hakuna msiba. Acha kipoe humo humo, kisha anza upya kupandisha joto polepole. Kinachopinda ni kile kilichotolewa kwenye jigi mapema ili kupisha kingine.

Mabomba_4130
Namba 3 inapuuzwa kwa sababu watu wanaogopa kuchomelea. Mafundi wa Gerezani ni hodari wa mageti, lakini bomba la ukuta wa mm 0.9 linataka TIG (uchomeleaji wa umeme na gesi) na mkono uliozoea chuma chembamba. Chomelea mahali pasipo na upepo, na kiungo kipoe chenyewe. Kikipoa ghafla kinakuwa kigumu na kinapasuka pembeni ya mshono. Ndani ya mabomba mimina mafuta ya kitani, geuza fremu mpaka yafike kote, yamwage, kisha ziba matundu. Pwani hii kutu ya ndani huioni mpaka bomba litoboke.

Kitambaa kinakazwa kwa pasi kwa hatua: nyuzi 107, 121, mwisho 177. Kikipashwa kupita hapo sana kinalegea na hakirudi. Namba za pasi ya nyumbani zinadanganya, pima kwa kipimajoto. Halafu rangi ya fedha yenye unga wa alumini, ndiyo inayozuia jua. Usiku weka balbu ndani ya bawa: mwanga ukipenya, ongeza tabaka.

KusiMashariki
Asanteni. Kwa namba 1 na 3 nafikiria injini ya Rotax 912 ULS. Petroli ya kituoni inafaa?

oktani_95
ULS inataka oktani (RON) 95 kwenda juu. 912 UL ya farasi 80 inaridhika na 90. Uliza oktani ya mzigo husika kabla ya kujaza.

Pima na ethanoli. Chupa ya vipimo: maji ml 10, petroli ml 90, tikisa, acha itulie. Mstari wa maji ukipanda juu ya 10, kuna alkoholi. Rotax inaruhusu hadi asilimia 10, tatizo ni tangi. La alumini halijali. La fibaglasi lililojengwa ndani ya bawa linategemea resini, na resini isiyofaa inalainika na kuziba vichujio. Hapo ndipo namba 2 inanitia wasiwasi kuliko unyevu.

AVGAS (petroli ya ndege) ikitumika muda mwingi, badilisha oili kila saa 50 badala ya 100, sababu ni madini ya risasi yaliyomo.

fundi_wa_bati
Jingine kwa zote tatu: boliti ziwe za AN (viwango vya ndege) zilizopakwa kadimiamu, si za hardware. Boliti ya AN3 inakazwa Nm 2.3 hadi 2.8, na juu yake ongeza ukinzani wa nati ya nailoni yenyewe. Spana ya torki (ya kupimia nguvu ya kukaza) ya gereji la magari haishuki kufika huko, utakata boliti.

KusiMashariki
Ninayo ya kuanzia Nm 20.

fundi_wa_bati
Hiyo ni ya magurudumu. Agiza ya inchi-pauni pamoja na seti.