Naomba ushauri: hoja ya Fodor na mitandao ya neva

Ndugu zangu, naombeni ushauri. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mwanafalsafa wa Marekani, Jerry Fodor, aliyedai katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba akili hufikiri kwa lugha yake ya ndani, ikichakata alama kama kompyuta. Kinachonivutia zaidi ni hoja aliyoitoa mwaka 1988 pamoja na mwanasayansi wa akili Zenon Pylyshyn dhidi ya mitandao ya neva, yaani mifumo ya kompyuta inayoiga muunganiko wa seli za ubongo: anayeelewa "Juma anampenda Asha" huelewa pia "Asha anampenda Juma", na nadharia ya akili inapaswa kueleza kwa nini, jambo ambalo, walidai, mitandao hiyo yenyewe haielezi. Msimamizi wangu anataka niijadili kihistoria tu, ilhali mimi naamini bado ina uzito kwa mifumo ya leo inayozalisha lugha. Je, nianze kwa kuimarisha mantiki, au nijifunze kwanza kuandika programu ili niipime mwenyewe?