LinkedList ya Java: kujumlisha kumbukumbu 100,000 kunachukua muda mrefu

MtunzaMizani
Habari za kazi, wakuu. Ninaandika programu ya kutunza kumbukumbu za mizani kwa wakulima wa zabibu huku Hombolo, na kila mzigo unaopimwa huingia kwenye LinkedList, ile orodha ya Java ambayo vitu vyake huunganishwa kimoja baada ya kingine. Kuongeza mzigo hakuna shida. Tatizo linakuja ninapojumlisha kilo za misimu yote: lupu yangu huanzia sifuri na kuita get(i), yaani kuomba mzigo ulio nafasi ya i, kila mzunguko, na sasa mizigo inapokaribia 100,000 programu inajikokota. Mwenzangu anatumia ArrayList kwa kodi ileile na jibu hutoka papo hapo. Tofauti inatoka wapi?

Fundi_Nodi
Inatoka kwenye get(i). ArrayList huweka vitu vyake katika safu moja, hivyo nafasi yoyote hufikiwa moja kwa moja. Katika LinkedList kila nodi, yaani kisanduku kinachobeba kitu kimoja, inaijua iliyoitangulia na inayoifuata tu, kama mabehewa ya treni, kwa hiyo ukitaka la arobaini huna budi kuyapita mengine. Java huanzia upande ulio karibu zaidi, mwanzoni au mwishoni, lakini hata hivyo kwa wastani utapita robo ya orodha, yaani hatua kama 25,000 kwa kila mzigo, na kwa mizigo 100,000 hizo ni hatua bilioni 2.5 kwa jumla moja. Andika hivi:

`for (Mzigo m : mizigo) jumla += m.kilo;`

Lupu hii hutumia itereta, ambayo hukumbuka nodi ilipofikia na kusogea hatua moja tu.

MtunzaMizani
Ahsante sana, mkuu, sasa inakwenda vizuri. Je, nikitaka kuondoa mizigo iliyokataliwa ndani ya lupu hiyohiyo?

Fundi_Nodi
Usiite mizigo.remove humo, kwani mzunguko unaofuata kwa kawaida utakurushia ConcurrentModificationException, yaani kosa la kubadilisha orodha huku ikipitiwa. Tumia removeIf, inayoondoa vitu vyote vinavyotimiza sharti unalotoa, au remove ya itereta yenyewe.

DadaKodi
Naongezea kidogo. Kwa kumbukumbu ambazo kazi yake ni kusomwa na kujumlishwa, mimi ningehamia ArrayList bila kusitasita. Kama una foleni ya magari yanayosubiri kupimwa, hapo chukua ArrayDeque, foleni ya Java inayotoa na kupokea vitu pande zote mbili, na ulitoe gari la mbele kwa pollFirst, ambayo hurudisha null (yaani hakuna kitu) foleni ikiwa tupu. Ila removeFirst, foleni ikiwa tupu, hurusha kosa la NoSuchElementException, na karani wa mizani hatajua la kufanya nayo.