Mjadala: Kituo cha Kiingereza kwenye kampasi ya chuo cha nje hapa Zanzibar kiongozwe na nani?

Maalim wa Kiembesamaki (mwanzilishi wa mjadala)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Novemba 2023 Rais Hussein Ali Mwinyi aliizindua kampasi ya IIT Madras, moja ya vyuo vya teknolojia vya India, pale Bweleo. Hiyo ndiyo kampasi ya kwanza ya taasisi za IIT kufunguliwa nje ya India, na nafasi zilizotangazwa kwa kuanzia zilikuwa 50 za shahada ya kwanza na 20 za uzamili, zote katika sayansi ya data na akili bandia. Ni jambo la fahari, na naamini vyuo vyengine vya nje vitafuata. Hoja yangu haikihusu chuo hicho peke yake wala haimlengi mtu yeyote. Nauliza kwa jumla: chuo cha nje kikifungua kampasi kwetu na kikaanzisha kituo cha kufundisha Kiingereza, mkuu wa kituo hicho awe nani?

Wapo wanaoliona dogo, wanasema ni mwalimu wa lugha tu. Hebu tuangalie kazi yenyewe. Wiki ya kwanza anawapa wanafunzi mtihani, na kwa matokeo yake anaamua nani aingie masomoni moja kwa moja na nani akae kwanza darasa la maandalizi, pengine mwaka mzima. Anaajiri walimu. Anakaa na wahadhiri wa hisabati na kompyuta kuwauliza mwanafunzi wao atatakiwa kuandika nini hasa, ripoti ya maabara au muhtasari wa makala, ndipo atunge masomo. Anapeleka sampuli za kazi zilizosahihishwa makao makuu ya chuo ili alama ya huku na ya kule iwe na uzito mmoja. Na mkubwa wa kitivo akija kumwombea mwanafunzi aliyeanguka, yeye ndiye wa kusema hapana. Mtu huyo ana uwezo wa kumchelewesha kijana wa Makunduchi mwaka mzima wa maisha yake. Si kazi ndogo.

Msimamo wangu: awe mtu wa hapa, aliyekulia kwenye Kiswahili na aliyesomea ufundishaji wa lugha. Akikosekana kwa sasa, aje mgeni kwa mkataba wenye mwisho, na naibu wake mwenyeji awepo tangu siku ya kwanza, mwenye sauti katika bajeti na katika matokeo.

Sababu yangu inaanzia skuli. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Matunda yake tunayaona sisi tunaosomesha. Mtoto anafika kidato cha sita akiwa amenakili Kiingereza ubaoni miaka na miaka. Maana ya usanisinuru anaitaja kwa ghibu, neno kwa neno, lakini hajawahi kuandika aya moja ya mawazo yake mwenyewe kwa lugha hiyo. Asiyeijua njia aliyopita mtoto huyu atampa mtihani wa sarufi, atamkuta amepata alama nzuri, atampeleka darasa la juu, na mwezi wa pili atashangaa kwa nini hawezi kuandika ukurasa mmoja.

Hata makosa yenyewe yana asili yake. Mwanafunzi wetu akisema “he” akimkusudia mama yake, si uvivu. Katika Kiswahili “anakuja” inamtosha mwanamme na mwanamke. Sauti inayoanza “think” na inayoanza “this” hazimsumbui, anazo katika thamani na dhahabu. Kinachomtaabisha ni kutofautisha “ship” na “sheep”, na kujua lini aweke “the”. Mwalimu aliyepita njia hiyo hiyo hapotezi muhula kufundisha ambacho watoto wanacho tayari.

Na ile imani kwamba mwalimu bora ni aliyezaliwa na Kiingereza ilipitishwa hapa hapa Afrika Mashariki, katika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola uliofanyika Makerere mwaka 1961. Mwanaisimu Robert Phillipson aliipinga waziwazi mwaka 1992 pamoja na imani nyengine za mkutano ule. Sisi bado tunaajiri kwayo. Karibuni.

Mhandisi, Fumba

Maalim, waalaykum salaam. Nakuheshimu, ila hapa tumetofautiana sana.

Kampasi ya kimataifa haichukui Wazanzibari peke yao. Wapo wa Bara, wapo wa India, wapo wa nchi jirani. Ukiweka Kiswahili kuwa sharti la mkuu wa kituo, unamtumikia mwanafunzi mmoja unamwacha mwenzake. Pia uongozi wa kituo kama hiki ni fani kamili: kupanga ratiba za walimu kadhaa, kutunga mitihani inayopima kweli, kuandaa kituo kwa wakaguzi kutoka nje. Kuwa mwalimu mzuri darasani hakumfanyi mtu aweze hayo.

Tazama waliotutangulia. Chuo Kikuu cha Nottingham kilifungua kampasi Ningbo, China, mwaka 2004, na wanafunzi wa Kichina huanza na mwaka wa matayarisho ambao sehemu kubwa yake ni Kiingereza cha kitaaluma katika kituo chao cha lugha. Liverpool nao waliungana na chuo cha Kichina cha Xi'an Jiaotong mwaka 2006 wakafungua chuo Suzhou chenye kituo kikubwa cha Kiingereza. Kule walileta watu wenye uzoefu, na mwajiri akiiona shahada hahoji kama mwenye nayo anaweza kuandika.

Mimi nina binti anayesoma kidato cha tano. Nitauza kiwanja ili asome kampasi kama hiyo. Sitaki mkuu wa kituo aliyepewa nafasi kwa ajili ya pasi yake ya kusafiria, iwe ya Tanzania au ya Uingereza. Nataka anayeijua kazi.

Maalim wa Kiembesamaki

Mhandisi, hilo la mwisho tuko pamoja. Lakini umetaja “kimataifa”, basi tazama Bweleo. Chuo mama kiko Chennai, jimbo la Tamil Nadu, ambako lugha ya nyumbani kwa watu wengi ni Kitamil. Kiingereza wanachofundishia uhandisi walikisoma skuli, kama sisi, na hakuna anayetilia shaka elimu yao. Kama kampasi inaongozwa vizuri na watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili, vipi kituo cha lugha cha chuo cha aina hiyo kimtafute mtu wa Leeds, Uingereza?

Mwalimu wa kidato cha tatu, Wete

Jamani mnagombania kiti. Mie naomba tuzungumze watoto.

Ninafundisha Kiingereza Pemba. Darasa langu limejaa mpaka wengine wanaandikia mapajani. Vitabu vinashirikiwa. Nina wanafunzi wenye akili za hesabu ambazo nikizitazama naogopa, kwa jinsi ninavyojua zitaishia wapi. Wakimaliza kidato cha sita watasikia kuna chuo kikubwa Unguja, watajaza fomu, watapanda boti kwenda kufanya mtihani wa Kiingereza, nauli ya kuazima, walale kwa jamaa, wapite njia wasiyoijua asubuhi ile ile ya mtihani. Wataanguka kwa hofu kabla hawajaanguka kwa lugha. Halafu tutaandika kwamba watoto wa Pemba hawana sifa.

Kwa hivyo mimi sharti langu ni jengine. Mkuu wa kituo, awe mwenyeji au mgeni, awe na wajibu uliomo kwenye mkataba wake wa kufanya kazi na skuli. Walimu wake waje Chake Chake, Konde, Mkoani, wakae nyuma ya madarasa yetu, waone tunavyofundisha na kwa nini tunafundisha hivyo. Wakati wa likizo watufundishe sisi walimu kusahihisha insha. Najua inasikika ajabu, lakini wengi wetu hatukuwahi kuandikiwa maelezo pembeni mwa insha zetu tukiwa wanafunzi. Tuliandikiwa alama na mstari mwekundu, basi. Na mtihani wa kuingilia ufanyike Pemba pia, kwenye kampasi za vyuo vilivyopo hapa. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wanayo kampasi ya Benjamin Mkapa Pemba. Haihitaji kujengwa nyumba mpya.

Kituo kisipotoka nje ya uzio wake, kitakuwa kinawasafisha Kiingereza watoto waliosoma skuli za kulipia Mjini, ambao hawakukihitaji sana.

Mpenda Kiswahili, Tunguu

Naona mmeruka swali la mwanzo. Kwa nini Kiingereza? Zanzibar ilikuwa na TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, tangu 1979, wageni wanakuja kwetu kusoma lugha, UNESCO imeipa lugha yetu siku yake ya kila 7 Julai. Chuo cha nje kinachokuja hapa kingewajibishwa kufundisha angalau baadhi ya masomo kwa Kiswahili, na kituo chake kiwe cha lugha zote mbili. Mhadhiri anayetoka Chennai asome Kiswahili, na kijana wa Donge asome Kiingereza, chini ya paa moja. Mkuu wa kituo cha namna hiyo hawezi kuwa asiyejua Kiswahili, na mjadala wenu unakwisha wenyewe.

Mhandisi, Fumba

Ndugu wa Tunguu, la wahadhiri kujifunza Kiswahili nalipenda kweli. La kufundisha akili bandia kwa Kiswahili nalipenda pia, ila kwa wajukuu zangu. Binti yangu anaingia chuo mwaka ujao.

Niliyefundisha Ghuba, sasa Jang'ombe

Nimesoma kimya, naomba niseme kwa kuwa nimefanya kazi ndani ya kituo cha aina hii, kwenye kampasi ya chuo cha kigeni huko Ghuba. Jina nitaliacha.

Uraia wa mkuu wetu haukuwa shida. Shida ilikuwa mabwana wawili. Mtaala ulitoka makao makuu, pesa zilitoka kwa mwenye kampasi. Makao makuu yalitaka wanafunzi wasipandishwe mpaka wafikie kiwango. Mwenye kampasi alitaka ada, na mwanafunzi anayekaa darasa la maandalizi mwaka wa pili huwa anahama. Mkuu wetu alikuwa mtu mwema, msomi, lakini hakuwa na karatasi inayosema neno la mwisho ni la nani. Kila mwisho wa muhula alipigiwa simu mbili zinazopingana. Mwishowe kituo kizima kikageuka kuwa tuisheni ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Wanafunzi walijifunza kuandika insha ya maneno 250 kwa fomula, wakapata alama yao ya 6, wakaingia masomoni, na ripoti ya kwanza ya kurasa kumi ikawashinda. IELTS ni kipimo chenye heshima yake, lakini kilitungwa kupima, hakikutungwa kuwa mtaala.

Jambo la pili ni mishahara. Waliotoka nje walipewa nyumba na tiketi za likizo. Sisi wengine tulilipwa kwa saa, na muhula ukifungwa hatukuwa na kitu. Shahada zilikuwa zile zile. Kituo cha hivyo hakiwezi kumlea naibu mwenyeji, Maalim, hata ukimwandika kwenye mkataba, kwa sababu anayelipwa kwa saa hakai. Anaondoka ikipatikana kazi ya hoteli Nungwi.

Kwa hiyo mimi ningeuliza kwanza: mkuu anawajibika kwa nani, na walimu wake wanalipwa kwa ngazi moja au mbili? Ukinijibu hayo, nitakuambia kituo kitakuwaje bila kukuuliza mkuu anatoka wapi.

Maalim wa Kiembesamaki

Ndugu wa Jang'ombe, umegusa penye uzito. Lakini hayo uliyoyaeleza yananizidishia hoja yangu. Mgeni wa mkataba wa miaka miwili akipigiwa simu mbili, huhesabu miezi iliyobaki. Mwenyeji atakutana na mzazi wa mwanafunzi yule yule msikitini na sokoni miaka ishirini mbele. Ana sababu ya kusimama.

Na nyenzo tunazo. Elimu ya juu ni jambo la Muungano na vyuo viko chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, lakini kazi si jambo la Muungano. Vibali vya kazi vya wageni hapa kwetu vinatolewa na Serikali ya Zanzibar. Bara wana sheria ya 2015 ya ajira za wageni inayomtaka mwajiri aonyeshe mpango wa kumrithisha mwenyeji. Sisi tunaweza kuweka sharti kama hilo kwenye kibali cha mkuu wa kituo, tukaambatanisha na ngazi moja ya mshahara, na tukaambatanisha na lile la mwalimu wa Wete: siku maalumu za kazi Pemba kila muhula, kwa gharama za kituo. Bi Mwalimu, hilo nitalisemea popote nitakapoitwa.

Mwalimu wa kidato cha tatu, Wete

Ahsante Maalim. Ila liandikwe. Tumeshaahidiwa mengi kwa mdomo.

Mhandisi, Fumba

Naibu mwenyeji nakubali, ngazi moja ya mshahara nakubali, na Pemba nakubali kwa moyo mmoja. Bado sijakubali kwamba mkuu lazima awe wa hapa. Na nauliza: huyo naibu, nani atapima kama yuko tayari kukabidhiwa? Akipimwa na mkuu mgeni, hatakuwa tayari milele. Akipimwa na wizara, atakuwa tayari kesho.

Niliyefundisha Ghuba, sasa Jang'ombe

Apimwe kwa kazi. Mwaka mmoja aongoze yeye mtihani wote wa kuwapanga wanafunzi, toka kutunga mpaka kusahihisha. Mwisho wa mwaka wa kwanza wa masomo tutazame aliowaingiza moja kwa moja wamefaulu wangapi, na waliowekwa maandalizi wangapi hawakustahili kuwekwa. Takwimu hizo zibandikwe ukutani, za mkuu mgeni na za naibu, kila mtu azisome.

Mhandisi, Fumba

Hilo naliweza. Maalim, na wewe unakubali zibandikwe hata kama zitampa mgeni ushindi?

Maalim wa Kiembesamaki

Nakubali, kwa sharti kwamba wote wawili wamepewa walimu sawa na muda sawa.