Wadudu kibibi wameamka huku ughaibuni: tupeane uzoefu

Mama Sukuma, Leeds
Wana jamvi, leo jua limechomoza kidogo, nimewakuta wadudu kibibi, wale wekundu wa madoa saba, wametapakaa kwenye mabua makavu wakiota jua. Baridi yote walijificha chini ya majani, hawali. Nimefurahi hadi nimewaita watoto. Kwenu vipi?

Chapakazi
Bremen wametoka tayari. Joto likipanda nyuzi 12 hivi, unawaona.

Binti Pangani
Mie wamenitia hasara. Tulipanga Kent, Uingereza, nyumba kuukuu ya madirisha ya mbao. Oktoba waliingia wale wa asili ya Asia, wa kila rangi, wakajibana kwenye fremu. Nikawaacha, wamelala. Machi jua lilipopiga kioo wakamwagika chumba kizima! Mume yuko kazini, mie na kichanga. Wengine kwenye neti ya mtoto, wengine kwenye chuchu ya chupa ya maziwa. Ukiwagusa wanatoa majimaji ya njano kwenye magoti yao, yananuka, na pazia lilikuwa jeupe. Nilimbeba mwanangu nikasimama koridoni nalia. Jirani, mama wa Kipolandi, akaja na mashine ya kufyonza vumbi, akavisha stokingi ndani ya bomba, akawanasa wazima akawatoa nje. Tulipohama mwenye nyumba akakata pesa ya dhamana tuliyoweka kwa yale madoa.

Mzee wa Tandale
Pole sana mwanangu. Walikurudishia?

Binti Pangani
Nusu tu, mzee wangu.

Jirani Mwema
Eti nusu! Kwa pazia?

Kijukuu
Hao wa Asia ni kuua tu. Wamefika Uingereza 2004, wanakula mayai na mabuu ya wenyeji. Wale wa madoa mawili wamepungua mno.

Mama Sukuma, Leeds
Kijukuu, ukiua ovyo utaua na wenyeji. Na hao wa Asia nao wanakula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea.

Kijukuu
Tazama miguu, mama. Wa Asia ni ya kahawia; madoa saba na madoa mawili ni myeusi. Sijasema ovyo.

Mama Sukuma, Leeds
Haya, nani atawageuza mmoja mmoja kutazama miguu?

Mkulima Njombe
Huku nawaona kwenye kabichi. Shida ni mabuu yao, meusi yenye madoa ya chungwa, kama vimamba vidogo. Jirani aliona ndio wanaotafuna majani, akapiga dawa. Wakafa wao, vidukari vikajaa. Jamani, mkiona vile vimamba msipige dawa!

Jirani Mwema
Dirishani pakeni siki.

Chapakazi
Siki haizuii kitu. Zibeni nyufa kwa silikoni kabla ya Oktoba.

Mama Sukuma, Leeds
Na bustani msifagie mapema, wengine bado wamelala kwenye majani makavu.

Kijukuu
Fagieni, konokono nao wamo humo.

Mzee wa Tandale
Waliozinduka mapema kwa joto la hita muwape tishu yenye maji ya sukari. Au muwakusanye mmuuzie Mama Sukuma.

Mama Sukuma, Leeds
Nanunua, mzee, vidukari havikawii kwenye sukuma yangu.

Chapakazi
Binti Pangani, tangu 2007 sheria huko inamtaka mwenye nyumba aweke dhamana kwenye mpango maalumu, na usuluhishi ni bure. Mlihama lini? Barua aliyokukata nayo unayo bado?

Binti Pangani
Ninayo. Nakutumia inboksi sasa hivi.