Kirusi kikivaa utando wetu, kinga inakijuaje?

MkeshaVitabu:
Wakuu, nisaidieni. Jana usiku nimekwama kwenye daftari la baiolojia. Tumefundishwa kwamba kirusi cha mafua kikichomoka kwenye seli huondoka kimejifunika kipande cha utando wa seli hiyohiyo. Sasa kama kimevaa nguo zetu, kinga inakijuaje kuwa ni mgeni? Na mbona kisinase palepale kilipotokea? Nimechora kirusi kama sindano inayotoboa seli, sijui kama niko sawa.

FundiMaabara:
Swali lako la pili ndilo tamu. La kwanza ni rahisi: nguo ni zetu, vifungo ni vyake. Juu ya ule utando zimechomoza protini za kirusi chenyewe, na kingamwili hushika hizo, si mafuta ya utando. Zikibadilika sura, kingamwili za zamani hazizishiki vizuri, ndiyo maana chanjo ya mafua hupitiwa upya kila msimu.

Kuhusu kunasa, uko sahihi kabisa, kingenasa! Kirusi cha mafua huingia kwa kushika asidi ya sialiki, sukari iliyo juu ya seli. Wakati wa kutoka sukari ileile ni gundi. Kwa hiyo kinabeba mkasi wake, kimeng'enya cha neuraminidazi, cha kuikata. Dawa ya oseltamivir huziba mkasi huo tu, na virusi vinabaki vimening'inia mlangoni.

Sindano ifute. Hiyo ni ya baadhi ya virusi vya bakteria. Mimi mwenyewe niliichora hivyo ubaoni nikiwafundisha wageni wa maabara, hadi mzee mmoja akaniuliza tundu linazibwa na nani. Nikakosa jibu. Hakuna tundu: seli hukimeza kirusi ndani ya kifuko, asidi inapanda hadi pH ya 5 hivi, protini ya kirusi iitwayo hemaglutinini inakunjuka na kujichomeka kwenye utando wa kifuko, kisha tando mbili zinaungana kama matone mawili ya mafuta. Seli nayo haijalala. Ina protini ya IFITM3 inayokaza utando wa vifuko hivyo ili muungano huo usikamilike.

Kimya_Kingi:
Na tetherini je, ile protini ya seli inayofunga virusi visiondoke? Ncha moja imejikita kwenye seli, nyingine kwenye kirusi kinachochomoka. Kamba ya mbuzi kabisa. VVU aina ya 1 ina protini ya Vpu ya kuiondoa.

Kimya_Kingi (nyongeza):
FundiMaabara, "hakuna tundu" umezidisha. Kirusi cha polio hakina koti la mafuta, na hicho hutoboa kweli utando wa kifuko kupitisha RNA yake, yaani maelekezo yake ya urithi. Ndiyo maana pia alkoholi ya mikono haikiwezi kama inavyoviweza vyenye koti.

FundiMaabara:
Nimekubali. Nilikuwa na mafua tu kichwani.

MkeshaVitabu:
Basi sindano naifuta nusu. Ila tetherini: kirusi kikishafungwa hapo, seli inakifanyia nini?

Kimya_Kingi:
Mara nyingi hukivuta ndani tena na kukisaga.