Mjadala: singa ghafi za mkonge zizuiwe kutoka Tanga?

Mwana wa Korogwe: Wadau, hoja yangu hii. Mkonge unakatwa kwetu, unapita korona, ile mashine ya kukamua majani, singa, yaani nyuzi zake, zinafungwa marobota, zinateremshwa bandarini kwenda kusokotwa ng'ambo. Serikali isizuie singa ghafi mpaka zisokotwe hapahapa? Miaka ya 60 tulikuwa wa kwanza duniani, tani zaidi ya laki mbili kwa mwaka. Leo kinara ni Brazil.

Mpimaji wa Kange: Zuio bila kiwanda ni kumkaba mkulima. Ukifunga mlango kesho, mkulima mdogo wa Muheza amuuzie nani? Tazameni korosho. Kusini vilijengwa viwanda vya kubangua miaka ya 70 na 80, vingi vikaishia kuwa maghala. Umeme ghali, mtaji haba, mashine zikazeeka. Na tuseme kweli, Tanga mwekezaji atamwajiri nani? Watu wa waja leo waondoka leo, asubuhi barazani na kahawa, jioni barazani na kahawa.

Bint Ngamiani: Wewe! Baba yangu aliingia zamu za usiku kiwanda cha mbolea miaka na miaka. Harufu ya salfa haikumtoka nguoni hata siku ya Idi. Kiwanda kile hakikufa kwa kahawa. Malighafi nyingi zilikuja kwa meli, zikinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Usimtukane mtu aliyekesha.

Mjukuu wa Manamba: Dada, pole, lakini historia ipo. Mkonge haukukatwa na wenyeji. Babu yangu alitolewa Songea, kipande, kadi ya kazi, mkononi, anaitwa kwa namba. Wenyeji walikuwa wapi?

Mbondei wa Muheza: Kwenye mashamba yao, kaka! Mtu ana minazi, ana michungwa, ana muhogo wake, aviache akamkatie mzungu mkonge? Hiyo ni akili. Waingereza walioleta mkonge walijua, ndiyo maana wakaenda kuwasomba watu mbali.

Mjukuu wa Manamba: Aliyeleta ni Mjerumani, Hindorf, 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Halafu hiyo "akili" yako inamfanya babu yangu nani? Alifuata hela ya kodi ya kichwa. Amezikwa Ngombezi, na sisi wajukuu zake mpaka leo tunaitwa watu wa kuja.

Mbondei wa Muheza: Kwa Mjerumani umenipata. Kwa babu yako nisamehe, ndugu yangu. Bibi yangu mzaa mama aliolewa na mtu wa kambi ya mkonge, nikimtusi babu yako nimemtusi na wangu.

Mwana wa Korogwe: Jamani, singa!

Mzee wa Raskazone: Wanangu, mkonge uliuliwa na kamba za plastiki. Bei ilishaanza kuporomoka kabla ya Azimio la Arusha la 1967, kisha mashamba mengi yakataifishwa bei ikiwa inashuka. Tukagombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu nani mvivu, kama mnavyogombana sasa.

Mpimaji wa Kange: Shikamoo mzee. Basi unakubali zuio halifai?

Mzee wa Raskazone: Marahaba. Sijasema hivyo. Singa ni sehemu ndogo sana ya jani, linalobaki lote ni taka. Pale Hale waliwahi kuzalisha umeme kwa mabaki hayo. Kiwanda cha kusokota kikijengwa jirani na korona, kikala umeme wa taka ileile, hapo zuio litakuwa na mahali pa kusimama. Likitangulia zuio, mkulima ataung'oa mkonge apande mahindi.

Mwana wa Korogwe: Mzee, kujenga kwanza atajenga nani, ikiwa singa ghafi zinatoka kirahisi hivi?

Bint Ngamiani: Kabla hajajibiwa huyo, Mpimaji, baba yangu bado anasubiri.

Mpimaji wa Kange: Nimekosa, dada. Msalimie mzee, mwambie nimeyafuta. Lakini habari ya korosho hakuna aliyenijibu.